Kisanduku cha Tatu cha Symphorien Kabange

Mtambo ukigoma, Symphorien Kabange haanzi na mtambo. Anaanza na mtu aliyekuwa ameketi ndani yake. Hutafuta mahali pa kukaa, hata kama ni ndoo ya grisi iliyopinduliwa, humtafutia mwendeshaji ndoo ya pili, kisha humwuliza swali ambalo amelirudia kwa miaka ishirini na mitatu: kabla taa haijawaka, mkono wako ulikuwa unafanya nini? Mafundi wenzake humcheka. Wao huchomeka kompyuta, husoma misimbo ya hitilafu kwenye kioo, na kwa kila msimbo huagiza kihisi kipya. Mara nyingine mtambo hupona. Mara nyingine vihisi vitatu vipya hufungwa, na taa zile zile huwaka tena kabla mafundi hawajanawa mikono.

Ana miaka hamsini na mmoja. Anakaa Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, pamoja na mkewe Victorine na binti yao Keren, katika nyumba aliyoijenga chumba baada ya chumba. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga na sanduku la mbao na picha ya Bikira Maria. Mwana alirithi vyote viwili. Alisoma umeme katika shule ya ufundi, akapata diploma ya sekondari, na masomo yakaishia hapo. Mengine yote alijifunza akiwa amelala chali chini ya mitambo ya kuchimba, ile mikubwa yenye mkono wa chuma ambayo Lubumbashi huitwa *pelle*. Ndani ya mtambo mmoja kuna vihisi vingi. Kimoja hupima shinikizo la oili, kingine nguvu ya hewa inayoingia kwenye injini, kingine nguvu ya dizeli. Kila kimoja huipelekea kompyuta habari zake kwa umeme mdogo sana. Habari zikiwa za ajabu, kompyuta huandika msimbo na kuwasha taa.

"Ordinateri haisemaka bongo, haidanganye," Symphorien huwaambia wenzake, "lakini inasema paka kile tu ilisikia."

Kampuni aliyofanyia kazi ilikodisha mitambo kwa wachimbaji wa shaba nje ya mji, na ilikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyekumbuka aliyeitunga. Kila mwendeshaji alikuwa na kadi yake, na bila kadi injini haikuwaka. Kwa hiyo kila msimbo uliandikwa pamoja na siku, dakika na jina la mwenye kadi. Ofisi ikaona hiyo yatosha. Msimbo ni wa mwenye kiti, walisema, na mwenye kiti akaitwa kujieleza. Fomu ya fundi nayo ilifuata kanuni hiyo: chini kabisa ilikuwa na visanduku viwili tu vya kutia alama. Kimoja kiliandikwa *Uchakavu*. Kingine kiliandikwa *Kosa la mwendeshaji*. Kwa miaka yote hiyo, kwa mujibu wa karatasi hizo, karakana haikuwahi kukosea hata siku moja, wala ofisi, wala mkubwa yeyote. Ni rekodi ambayo hata watakatifu hawanayo.

Siku ya Jumanne, wiki iliyofuata sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mwombezi wa wachimbaji madini, mtambo namba saba ulipoteza nguvu saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Aliyekuwa kwenye kiti ni Katongo, mzaliwa wa Kasenga, baba wa watoto wanne, mtu ambaye mama yake na shangazi zake wote wanaishi kwa samaki wa mto Luapula na ambaye peke yake katika ukoo alipanda mashine badala ya mtumbwi. Malori yalijipanga nyuma yake yakiunguruma. Symphorien alifika, akapindua ndoo mbili.

"Kaa, Katongo. Unieleze."

"Papa Symphorien, nilikuwa najaza lori, kamyo ya ine. Mukono wa mashini ulikuwa yulu, juu kabisa, umejaa. Taa tatu zikawaka, paf! Kisha moteri ikakuwa kama muntu eko na malaria."

"Tatu mara moja, ao moja-moja?"

"Mara moja. Ata kupepesa macho sikupepesa."

"Na mukono yako ilikuwa inafanya nini?"

"Ya kuume ilikuwa kwa levier, ile fimbo ya kuongoza. Ya kushoto ilikuwa na chupa ya mayi. Njo ile, ndiyo kosa? Kunywa mayi?"

Symphorien alikuwa ameanza kuandika katika daftari lake: tatu, mara moja.

Kabla hajafunga daftari akaja Dominique, mkuu wa eneo la kuchimba, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na haraka isiyokwisha.

"Ulishaona waya huyu alikata?"

"Chef, sijafungua ata kifuniko."

"Basi fungua. Siku ya posho, ile Jumamosi Padri alibariki mashini, huyu alisema mbele ya bantu yote hatatumika tena kazi ya masaa kumi na mbili bila kupumuzika. Leo siku ya mbili ya kazi, pelle imekufa. Weye uko muntu mukubwa, fanya hesabu."

"Nilisema vile," Katongo akadakia kutoka kwenye ndoo yake. "Na nitasema tena. Lakini sikukata kintu."

"Unasikia? Anasema tena!"

Ni kweli Katongo aliyasema Jumamosi, na aliyoyasema yalikuwa ya haki. Mtu anayezungusha chuma cha tani sitini juu ya vichwa vya wenzake kwa saa kumi na mbili bila kupumzika ni hatari, na kila mtu pale shimoni alilijua hilo, akiwemo Dominique. Lakini kulijua jambo na kuambiwa mbele ya Padri ni mambo mawili. Shauri lilipangwa Alhamisi asubuhi, mbele ya Mama Adolphine, mkuu wa wafanyakazi. Akipatikana ameharibu mtambo kwa makusudi, Katongo angefukuzwa, na jina lake lingepelekwa kwa kampuni nyingine zote za mitambo, hivi kwamba hakuna ambaye angempa kadi tena. Kilichosubiriwa ni fomu ya Symphorien.

Mtambo ulikokotwa hadi karakana. Symphorien akachomeka kompyuta. Misimbo ilikuwa mitatu: shinikizo la oili, nguvu ya hewa, nguvu ya dizeli. Yote iliandikwa dakika ile ile, na yote ilisema kitu kimoja, kwamba umeme wa kihisi uko chini ya kawaida. Fundi mwingine angeagiza vihisi vitatu. Symphorien alijua kwamba vihisi vitatu havifi katika dakika moja, kama vile majirani watatu hawafi pamoja bila kula chungu kimoja. Vihisi hivyo vilipata umeme wao kwenye waya mmoja, volti tano, kama nyumba tatu za kiwanja kimoja pale Hewa Bora zinazovuta umeme kwenye waya mmoja: kwa mmoja waya zikigusana, wote watatu hulala gizani, na wawili kati yao hawana hatia.

Akapima waya ule. Badala ya volti tano, kipimo kilionyesha chini ya moja. Akachomoa plagi ya kihisi cha hewa, kipimo hakikusogea. Akachomoa ya dizeli, hakikusogea. Ya tatu, ya kihisi cha oili, ilijificha nyuma ya chujio, mahali ambapo mkono huingia kwa kuchubuka. Akaichomoa, na namba zikapanda kwenye kipimo hadi tano kamili, zikatulia.

Aliiinua plagi ile kwenye mwanga. Waya zote zilikuwa nzima, hakuna iliyokatwa wala kukwaruzwa. Lakini ule mpira mdogo wa kuzuia maji ulikuwa umesukumwa kando, ukakunjamana kama soksi ndani ya kiatu. Ndani mlikuwa na tone la maji, na pini mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Kuzunguka kutu kulikuwa na unga mweupe. Akaunusa. Ilikuwa sabuni.

Hapo Symphorien alikaa kwenye ndoo yake, akajiuliza mwenyewe swali lake la siku zote: mkono wako ulikuwa unafanya nini?

Katika kampuni ile, kila mwaka, mitambo hubarikiwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara. Huvalishwa vitenge na maua, waendeshaji husimama kando yake na familia zao, na Padri hupita akinyunyiza maji ya baraka. Padri wa hapo, mtoto wa mchimbaji, hanyunyizi milango tu kama wenzake. Hutaka kifuniko cha injini kifunguliwe, akabariki moyo wenyewe wa mtambo. Kwa hiyo siku ya Ijumaa, mkesha wa baraka, injini huoshwa. Ijumaa ile waoshaji walikuwa wakipitisha maji kwa mbali, kwa uangalifu, kama walivyofundishwa, na grisi nyuma ya chujio ilikuwa bado ni nyeusi. Symphorien aliona aibu. Akawanyang'anya bomba la maji ya presha.

"Munaogopa nini? Mutakatifu Barbara ataona ile buchafu!" alikuwa amefoka, huku wote wakicheka. Kisha akaingiza mdomo wa bomba nyuma ya chujio, kwa karibu kabisa, hadi chuma kikang'aa. Presha ile hung'oa rangi ya mlango. Mpira wa plagi ungefanya nini?

Mafundi hufundishwa jambo hilo mwaka wa kwanza. Yeye mwenyewe aliwafundisha wengi.

Dominique alimkuta bado kwenye ndoo. Symphorien akamwonyesha plagi, kutu na sabuni, na Dominique, ambaye hakuwa mjinga, akaelewa upesi. Kwanza alicheka.

"Maji? Basi tuandike Padri? Tumuite hapa na ndoo yake?"

"Maji ya baraka haina sabuni, chef."

Kicheko kikakoma. Dominique akatazama mlangoni, akasogea karibu.

"Papa Symphorien, nilikuona Ijumaa na lile bomba. Sitasema kintu. Tia croix, ile alama, pale kwa operateri, tufunge mambo. Ule eko na fujo, na kwabo Kasenga samaki haitakosa. Weye umebakiza miaka ingapi hapa? Ine? Tano?"

"Tuandike uchakavu?"

"Uchakavu gani? Zile nyaya ulizifunga mupya mwezi wa nane. Mama Adolphine eko na karatasi. Nyaya hazizeeke kwa miezi ine."

Ilikuwa kweli. Symphorien alizifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatano aliendelea na kazi kama kawaida. Alitengeneza taa ya lori, akabadilisha betri, akajibu salamu. Fomu ilikaa mfukoni imekunjwa mara nne. Jioni, Victorine alimtazama akivunja bonge la bukari, ugali wa kwao, na kulirudisha sahanini.

"Papa Keren, bukari inapola."

Akamweleza. Victorine alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Andika paka vile bintu bilizeeka," akasema.

"Ni bipya. Mwezi wa nane."

"Basi andika mayi. Mayi iliingia. Si ni kweli?"

"Wataniuliza mayi ya nani."

Victorine akamtazama mikono. Kisha akaona.

"Weye njo ulisafisha?"

"Eh."

"Na njo weye ulirudia hapa siku ile, ukatuambia vile ulifokea bale bantu juu ya kusafisha mubaya?"

"Eh, Mama Keren."

Mke wake akacheka, kicheko kirefu cha kweli, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Symphorien naye akacheka kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Kisha Victorine akaacha kucheka.

"Watakufukuza?"

"Sijui."

"Na ule Katongo, batoto bake ni wangapi?"

"Wanne."

Hakumwambia afanye nini. Aliichukua sahani, akaitia mboga ya moto, akairudisha mbele yake.

"Kula," akasema. "Kesho utakuwa na mambo ya kusema, na weye hausemaka muzuri na njaa."

Alhamisi saa mbili walikaa watu wanne katika ofisi ya Mama Adolphine: mwenyewe nyuma ya meza na miwani yake shingoni, Dominique na kofia yake magotini, Katongo katika shati la kanisani, na Symphorien. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyochapwa na kompyuta ya mtambo: siku, saa nne na dakika kumi na nne, jina la Katongo mara tatu.

"Karatasi inasema wazi," Mama Adolphine akaanza. "Papa Symphorien, tunakungoja weye tu."

Symphorien akaweka plagi mezani, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Akaeleza polepole, kama anavyowaeleza mafundi wapya. Misimbo ni mitatu, waya ni mmoja. Hakuna kilichokatwa. Mpira ulisukumwa na maji ya presha, sabuni ikaingia, pini zikaota kutu tangu Ijumaa hadi Jumanne, na mtambo ulipopata joto kutu ikaunganisha pini mbili. Yeyote ambaye angeketi pale dakika ile angepata taa zile zile. Hata Chef Dominique. Hata Padri.

"Kwa hiyo Katongo hakugusa?"

"Hakugusa. Na hawezi kufika pale bila kutosha chujio inje."

Katongo alipumua kwa sauti. Mama Adolphine akavaa miwani, akaitazama plagi kwa karibu, kisha akauliza swali ambalo kanuni ya kampuni haikuwa imewahi kumlazimisha kuuliza.

"Nani alishika bomba?"

Dominique akaitazama kofia yake. Katongo hakujua, Ijumaa ile alikuwa shimoni. Wa kujibu alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na miaka minne au mitano ya kazi mbele yake.

"Miye," akasema Symphorien.

"Waoshaji, unataka kusema. Weye ulisimamia."

"Hapana, mama. Wao walikuwa wanaosha muzuri. Niliwanyang'anya. Miye njo nilishika."

Mama Adolphine alisukuma fomu mbele yake kwa kidole, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula asichokitaka.

"Basi tia alama."

"Wapi, mama?"

Akaitazama fomu. Uchakavu. Kosa la mwendeshaji. Akaigeuza, kana kwamba nyuma pangekuwa na kitu. Hapakuwa na kitu.

"Hapa hakuna nafasi ya kuandika vile," akakiri.

"Niliona," akasema Symphorien. "Miaka ishirini na tatu naiona. Na watu waliotiwa alama pale kwa operateri, miye njo nilizitia zingine. Kadi inatuambia nani alikaa. Haituambie nani aliharibu. Niazime kalamu na rula."

Mama Adolphine akavuta droo na kumpa vyote viwili. Symphorien akachora, rula ikateleza, na kisanduku cha tatu kikatoka kimeinama upande wa kulia. Kando yake akaandika kwa herufi kubwa: *Kosa la karakana*. Akatia alama. Chini akaandika jina lake lote, siku ya kuosha, na sababu, akasaini.

Dominique akainua macho kutoka kwenye kofia yake.

"Unachora fomu ya kampuni na kalamu yako?"

"Kalamu ni ya Mama Adolphine, chef."

Katongo akacheka kabla hajajizuia.

Ijumaa Katongo alirudi kwenye kiti cha namba saba, plagi mpya imefungwa. Symphorien alisimamishwa kazi siku kumi na nane, na uongozi wake wa sehemu ya umeme akapewa mwingine, mmoja wa waliofundishwa naye. Hakupinga. Kosa lilikuwa lake na adhabu ilikuwa na jina lake. Hilo ndilo alilolitaka kwa wote. Kuhusu saa kumi na mbili bila mapumziko, hakuna kilichobadilika. Katongo aliendelea kulisema, sasa akiwa na wenzake saba nyuma yake, na hakuna tena aliyethubutu kuliita hujuma.

Aliporudi kazini alikuta juu ya meza yake ya kazi furushi la samaki wakavu lililofungwa kwa gazeti. Hapakuwa na barua. Katongo alipita mlangoni na kadi yake shingoni.

"Papa Symphorien! Leo unasafisha nini, tukimbie?"

"Nasafisha kinywa chako. Karibia!"

Mwaka uliofuata, Ijumaa ya kuosha, alisimama mbali na mikono mgongoni. Kila plagi ilikuwa imefungwa mfuko wa plastiki na kipande cha mpira wa baiskeli. Nyuma ya chujio grisi ilibaki nyeusi. Padri aliinama, akaiona, akanyunyiza maji yake hapo hapo.

Ama ile fomu, jambo lake lilikuja lenyewe. Miezi miwili baada ya shauri lile, fomu tupu ziliisha ofisini. Karani akatafuta moja ya kutolea nakala, akaipata ile ya Symphorien, akafunika maandishi kwa vipande vya karatasi nyeupe, akaiweka kwenye mashine ya kunakili. Kisanduku cha tatu na maneno yake hakukifunika, kwa kuwa alidhani ni sehemu ya fomu. Zikatoka nakala mia mbili. Ndizo zinazotumika hadi leo, kila moja na visanduku vyake vitatu, viwili vimenyooka, cha tatu kimeinama upande wa kulia. Tangu hapo kimetiwa alama mara kumi na moja. Mara mbili kati ya hizo, aliyesaini kwamba kosa ni lake ni Symphorien Kabange.